Mchwa wa Jukwaa la Mashariki

1

Injinia Namalwa aliusikia mdundo ule kabla hajafunga mlango wa gari. Tindi-tindi-ta, tindi-tindi-ta, vijiti vikavu juu ya kitu kigumu, nyuma ya jukwaa la mashariki. Ilikuwa saa tisa alasiri, jua kali, hata wingu la kusingizia halikuwepo. Akatupa mkoba kitini akakimbia, kofia ya ujenzi ikimrukaruka kichwani, huku akijiambia kwamba lazima ni watoto wa shule wanacheza.

Hawakuwa watoto. Walikuwa wanawake saba wa soko la Lukhoba, watu wazima na akili zao timamu, wamekaa kitako chini ya ukuta wa uwanja mpya, mashuka wameyatandaza mbele yao, kila mmoja na vijiti viwili mkononi. Walikuwa wanaupiga ukuta jinsi vinavyopigwa vichuguu mashambani, kuwahadaa kumbikumbi kwamba mvua imenyesha ili watoke. Aliyeongoza mdundo alikuwa shangazi yake Namalwa mwenyewe, Senge Nelima, dada wa marehemu baba yake, ambaye ameuza kumbikumbi wa kukaanga sokoni tangu Namalwa hajaota meno.

"Senge! Mnafanya nini hapa?"

"Si unaona? Tunatafuta riziki." Mikono yake haikuacha kupiga. "Mlichimba vichuguu vyote vya upande huu mkapata pahali pa uwanja. Sasa tupige wapi? Tupige paa la kanisa?"

"Lakini mchwa wa ukuta huu si wa kuliwa. Hawa hawana mabawa, senge. Maabara iliwaondolea mabawa kabla hawajaletwa hapa. Mtapiga mpaka Krismasi na hamtaona hata mmoja."

Senge Nelima alitumbukiza mkono kwenye sufuria iliyokuwa kando ya goti lake, akautoa umejaa. Kumbikumbi walikuwa hai, wanene, mabawa yao yaking'aa juani. Mmoja alimpanda hadi kwenye kiwiko. Akamshika kwa vidole viwili, akamng'oa mabawa, akamtia kinywani.

"Hawana mabawa," alisema akitafuna. "Lakini ni watamu."

Wenzake wakaangua kicheko. Namalwa hakucheka. Alikuwa anautazama ukuta. Kulikuwa na matundu mapya kumi na tisa, kila moja unene wa kidole, na vumbi jekundu bado lilikuwa linamwagika kutoka ndani. Alichomoa kalamu mfukoni akaisukuma katika tundu moja, ikaingia yote. Akachukua waya wa kupimia, akausukuma mpaka mkono wake ukagusa ukuta, na mwisho wa tundu haukupatikana.

Ukuta ule haukujengwa na mwashi. Kaunti ilitaka uwanja wa mashabiki elfu thelathini na moja, na haikuwa na saruji wala chuma cha kujengea hata choo chake. Ndipo wakaletwa mchwa wa maabara, wanaotafuna murram, ule udongo mwekundu wa barabara, na unga wa mbao uliolowekwa utomvu wa muhogo, kisha wanatema tope ambalo siku ya tisa huwa gumu kushinda zege. Chini ya kila nguzo kulikuwa na chumba cha malkia na bomba la kumlisha. Kuta zilikuwa na mapango membamba ya kupitisha hewa, kwa hiyo joto lilipanda lenyewe na kutokea juu, na mtu aliyekaa safu ya nyuma kabisa saa sita mchana alihitaji sweta. Ukuta ukipata ufa, mchwa waliuziba kabla ya jioni. Kwa sababu hiyohiyo hakuna aliyeweza kuwatilia sumu, kwani mchwa wakifa leo, baada ya mwezi mmoja ukuta unaanza kurudi kuwa udongo.

Shida ilikuwa moja. Mchwa walipenda kujenga chini na kwa upana, na hakuna harufu ya maabara iliyowapandisha zaidi ya orofa ya kwanza. Mwaka mzima ulipotea hivyo. Kisha Namalwa, wakati huo injinia mdogo asiyeulizwa kitu vikaoni, akaokota vijiti viwili akapiga kwenye jukwaa la mbao la mafundi mdundo aliofunzwa na senge yake akiwa na miaka sita. Mchwa wakapanda. Wataalamu wa maabara walipigana vikumbo kumpongeza. Vikafungwa vipaza sauti thelathini na sita vya kupiga mdundo ule kila asubuhi, na kazi ya miaka mitatu ikaisha kwa miezi kumi na minne. Gavana alimpa bamba la shaba lenye jina lake. Liko sebuleni kwake mpaka leo, limegeuzwa uso ukutani.

Hakuna aliyeuliza mchwa walikuwa wanasikia nini katika mdundo ule. Namalwa naye, mtoto wa pale pale, aliyepaswa kujua kuliko wote, hakujiuliza. Walikuwa wanasikia kwamba mvua imekuja na milango ifunguliwe. Walipokuwa hawana mabawa walifungua na kuendelea kujenga. Sasa mabawa yameota, maabara ipende isipende, na wakifungua wanatoka.

"Senge," alisema, waya bado mkononi. "Mmepiga kwa muda gani?"

"Hata robo saa haijafika. Mbona umekuwa hivyo? Unaumwa?"

Wanawake saba, vijiti kumi na vinne, robo saa. Jumamosi wangekuja watu elfu thelathini na moja kuishangilia Radi ya Lukhoba, na mashabiki wa Radi wana namna moja tu ya kushangilia tangu klabu ianzishwe. Wanapiga miguu chini, wote pamoja, ule mdundo ambao kila mmoja wao alijifunza akiwa mtoto, amechuchumaa mbele ya kichuguu.

2

"Siku tatu," alisema Mheshimiwa Lusweti. "Siku tatu kabla ya mechi ndipo unaniletea habari za kumbikumbi."

Lusweti alikuwa mwenyekiti wa kamati ya uwanja, mwalimu mstaafu mwenye tumbo na sauti ya kuamrisha foleni ya asubuhi. Watu wengi walimsema vibaya, lakini Namalwa hakuwahi kumwona akichukua hata msumari wa uwanja. Ofisi yake ilikuwa chumba chini ya jukwaa kuu, na ukutani, ndani ya fremu ya kioo, alikuwa ametundika ukurasa wa mwisho wa mkataba wa fedha kana kwamba ni picha ya harusi.

"Tuahirishe, mheshimiwa. Wiki sita. Nitaondoa vipaza sauti, nitabadilisha chakula cha malkia, mabawa yatakoma."

"Soma pale."

"Nimeusoma."

"Soma tena, kwa sauti."

Namalwa akasoma. Mechi rasmi ya kwanza ichezwe kabla ya jua kuchwa Jumamosi ile, na filimbi ya mwisho ikilia, watazamaji wasiopungua elfu thelathini wawe vitini. Viti vyenyewe ndivyo vilivyohesabu. Kila kiti kilijua kimekaliwa na mtu au begi, na hesabu ilikwenda moja kwa moja kwa wafadhili, kule waliko, bila kupitia mkono wa mtu. Sharti likikosekana, dhamana ni mali ya wafadhili. Walikuwa wameshasogeza tarehe mara mbili kwa sababu ya mvua, na mara ya tatu walijibu kwa mstari mmoja kwamba hapana.

Dhamana ilikuwa ardhi. Familia mia tatu na kumi na mbili zilipeleka hati zao za mashamba kanisani Jumapili moja, zikaziweka kapuni huku kwaya ikiimba, na kila familia ikaahidiwa kiti chenye jina lake vizazi na vizazi. Watu walicheza siku ile. Namalwa alicheza. Senge Nelima alicheza kuliko wote, kisha akatoa kifuani hati ya ekari moja na nusu, shamba lililobaki la baba yao, ambapo kaka yake, yaani baba yake Namalwa, amezikwa chini ya mti wa parachichi.

"Hata yangu iko humo," alisema Lusweti, na sauti ya foleni ilikuwa imempotea. "Nikikosa Jumamosi, nitaenda kulala wapi na mke wangu? Haya, wewe ndiwe injinia. Cheti cha usalama kiko hapo. Bila saini yako polisi hawafungui geti. Niambie jukwaa litaanguka, nami nitawaita watu wote niwaambie wafungashe."

"Siwezi kusema litaanguka."

"Basi sema halitaanguka."

"Hilo pia siwezi."

"Sasa wewe unaweza nini, Namalwa?"

Namalwa alikisukuma cheti kando. Kisha akauliza kama kile kiwanda cha magodoro cha barabarani bado kinafanya kazi.

Siku tatu zile mafundi cherehani wote wa Lukhoba na wa miji mitatu ya jirani walishona kandambili za sponji, vipande vya godoro unene wa ngumi vyenye mkanda wa raba. Namalwa alipima mwenyewe. Mtu akikanyaga na sponji, mtikisiko unaofika ukutani ni sehemu moja ya kumi, na kwa kiasi hicho mchwa hawashtuki. Redio ikatangaza asubuhi na jioni: ngoma hapana, vuvuzela hapana, kukanyaga hapana. Watu wakaambiwa kwamba Jumamosi wanakwenda uwanjani kushangilia kwa kupunga leso. Walicheka mpaka machozi, halafu walipokumbuka mashamba yao, wakaacha kucheka.

Ijumaa asubuhi alitia saini. Hesabu zilikuwa sawa, tena alizipiga mara nne. Lakini tuseme ukweli, mkono wake haukusukumwa na hesabu. Ulisukumwa na lile kaburi chini ya parachichi, na yeye alijua hivyo wakati kalamu ikitembea, na bado akaandika jina lake lote.

3

Umati wa watu elfu thelathini na moja waliokaa kimya unatisha. Mpira ulisikika ukigusa buti. Kocha alimtukana beki wake wa kushoto na uwanja mzima ukasikia, hata mama mkwe wa beki, aliyekuwa safu ya tano. Radi ikikosa bao, palipita mguno mmoja mdogo, kisha leso nyeupe zikashuka mapajani. Mapolisi walitembea ngazini na sponji miguuni, wakijaribu kuonekana wakali.

Ubao wa viti ulionyesha watu 31,116. Namalwa alisimama chini ya jukwaa la mashariki, mgongo kwa ukuta, kiganja kimegusa udongo nyuma yake. Senge Nelima alikuwa juu yake safu ya kumi na mbili, katika kiti chenye jina la baba yao, amevaa kitenge cha sikukuu. Dakika sabini zilipita, kisha sabini na tano. Namalwa alianza kuamini kwamba watu hawa wanaweza. Aliwapenda sana wakati ule, akaona aibu kwamba yeye ndiye aliyewafunga midomo siku yao wenyewe.

Dakika ya themanini na moja mshambuliaji wa Radi, kijana mwembamba aliyelelewa nyuma ya soko, alipokea mpira kwa kifua akaupiga bila kuutazama, nao ukaingia kona ya juu.

Leso hazikupungwa. Hakuna aliyekumbuka leso. Kandambili zilirushwa hewani, sponji za rangi ya maziwa zikamwagika uwanjani, na miguu ikaanza. Tindi-tindi-ta. Tindi-tindi-ta. Hakuna aliyeamua. Namalwa alikuwa tayari anapiga kelele "Acheni! Acheni!" alipotazama chini akaona mguu wake mwenyewe wa kulia unakanyaga pamoja na wao.

Labda ilikuwa dakika moja. Kisha wakakumbuka, safu kwa safu, wakaziba midomo kwa mikono, wakakaa. Wengine walikuwa wanalia, kwa bao au kwa woga, huwezi kujua. Kimya kilirudi, na katika kimya hicho Namalwa alisikia ukuta nyuma yake ukichakarisha, mfano wa mchele unaomiminwa kwenye ungo.

Kumbikumbi walitoka. Walitoka kwanza chini ya safu ya tatu, halafu kwenye ngazi, halafu kila mahali jukwaa zima la mashariki, wakapanda juu kwa maelfu mbele ya nyuso za watu. Watoto walinyoosha mikono kuwadaka wakifurahi. Watu wazima hawakunyoosha mikono, kwa sababu kila mmoja alijua kumbikumbi hutokea wapi. Namalwa alibonyeza ukuta kwa dole gumba na dole likaingia hadi kwenye kifundo.

Simu ya upepo ikakoroma kiunoni. "Nimewaona," alisema Lusweti. "Namalwa, nisikilize. Ni dakika saba."

"Ukuta umekuwa laini, mheshimiwa."

"Dakika saba, mama yangu. Saba tu. Limesimama mpaka sasa. Unajua kwa hakika litaanguka?"

"Sijui."

"Basi kama hujui!" Alikuwa analia, mzee wa watu. "Kama hujui, subiri!"

Akainua macho. Watu elfu tisa wa jukwaa la mashariki walikuwa wamemtazama yeye, wametulia vitini, kumbikumbi wakiwapita mashavuni. Walikuwa wanangoja aseme. Senge Nelima naye alimtazama kutoka safu ya kumi na mbili, na mara akatikisa kichwa, polepole, mara mbili. Alikuwa anamwambia asiwatoe watu. Ubao ulisema 31,116, na saa ya mchezo ilisema themanini na nne.

Namalwa alichukua kipaza sauti cha usalama. "Jukwaa la mashariki, simameni. Tokeni kwa kutembea. Msikimbie, msikanyage kwa nguvu. Anzeni safu za juu."

Wakasimama. Hapakuwa na msukumano, hapakuwa na kelele, walishuka ngazi kwa vidole vya miguu kama watu wanaotoka chumbani mwa mgonjwa. Wengine waliokota sponji zao njiani wakazivaa tena. Ubao ukaanza kushuka, 30,800, 30,210, na ulipopita elfu thelathini kwenda chini, mguno ulitoka kwa majukwaa mengine yote, mguno ambao Namalwa anausikia hadi leo akiosha vyombo. Senge Nelima alikuwa wa mwisho katika safu yake. Alipita karibu na Namalwa kiasi cha kugusana mabega, na hakugeuza shingo.

Filimbi ya mwisho ilipigwa ubao ukisoma 22,043. Radi ilishinda bao moja kwa nunge. Jukwaa la mashariki, tupu, limetobolewa kila pembe, lilibaki limesimama katika jua la jioni.

4

Lilisimama Jumapili. Lilisimama wiki ile na wiki iliyofuata. Mvua za Mei zilinyesha siku kumi na moja mfululizo na watu wakaja na miavuli kuliangalia likianguka, wakarudi nyumbani. Tume ya wataalamu ilipima kwa mashine zake zote na kuandika ripoti ya kurasa tisini, na maneno ya maana yalikuwa mstari mmoja: haiwezekani kuthibitisha kwamba jukwaa lingeanguka, wala kwamba lisingeanguka. Uwanja ukafungwa kwa kufuli.

Wafadhili hawakuandika kurasa tisini. Walituma wapima ardhi. Vigingi vyenye rangi nyekundu vilipita katikati ya mahindi, nyuma ya vyoo, kando ya makaburi. Mheshimiwa Lusweti alihamia kwa mkwewe, jambo ambalo mwanamume wa Lukhoba hawezi kulifanya na kuinua uso tena. Senge Nelima alipanga chumba kimoja nyuma ya soko. Kuhusu kaburi, barua ilisema familia inaweza kuhamisha mifupa kwa gharama yake ndani ya siku tisini. Parachichi likakatwa.

Namalwa alisalimiwa na watu kwa adabu, na hicho ndicho kilichomuumiza. Angetukanwa angejibu. Mwanamke mmoja tu alimwambia waziwazi, dukani, huku amebeba mtoto: "Injinia, huyu alikuwa safu ya tisa. Labda nikushukuru. Lakini sijui kama nikushukuru." Akalipia sukari yake akaenda.

Kila siku alasiri alikuwa anakwenda uwanjani kwa mguu. Walinzi walimpa njia. Aliweka kiganja kwenye ukuta wa mashariki akasubiri, na mwanzoni alijiambia kwamba anakagua. Siku moja alijikuta anaomba. Alikuwa anamwomba Mungu auangushe ukuta ule, usiku, bila mtu ndani, ili kukikucha watu waone rundo la udongo na waseme kumbe. Alipoelewa alichokuwa anakiomba hakuacha. Aliendelea mpaka mwisho wa sala.

Mwezi wa tatu tangu mechi, alipokuwa anazunguka kona ya jukwaa, aliusikia mdundo.

Alikuwa Senge Nelima peke yake, shuka limetandazwa, sufuria kando ya goti. Hawakuwa wamesemezana tangu siku ya mechi. Alikuwa amekonda. Matundu juu ya kichwa chake yalikuwa mengi kiasi kwamba ukuta ulionekana umeugua ndui.

"Senge, ondoka hapo," alisema Namalwa. "Tafadhali. Litakuangukia."

"Ulisema hivyo hata Jumamosi ile."

Mwanamke yule aliendelea kupiga, macho kwenye shuka, na kumbikumbi wa kwanza wakaanza kutambaa nje. Baada ya muda akanyoosha mkono, bila kumtazama, akaokota vijiti viwili vingine kando ya sufuria akaviweka juu ya shuka, upande uliokuwa wazi.

Namalwa akavua kofia ya ujenzi, akakaa. Akaupata mdundo mara moja. Wakapiga pamoja, bega kwa bega, chini ya tani mia nne za udongo, na kwa kila pigo Namalwa alijua senge yake anangoja jambo lile lile analolingoja yeye. Vumbi jekundu lilimwagika mabegani mwao. Alipiga kwa nguvu zaidi.

Sufuria ikajaa. Senge Nelima akaifunika kwa kitambaa, akainuka kwa kushika goti, akautazama ukuta kuanzia chini mpaka juu.

"Bado," alisema.

Akajitwika sufuria akaenda zake sokoni. Namalwa alibaki pale chini, vijiti mkononi, akaanza tena.